Shule Iliyokua Juu ya Kaburi la Mama

Mwanshimba,
S.L.P. 31,
Tinde,
Shinyanga.
22 Februari 1998.

Mpendwa kaka Donatus,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mpika, wewe, wifi na watoto wote. Mguu ulioumia pale karakana ya reli umepona, au bado unachechemea? Katika barua yako hukuugusia kabisa, nami najua ukiumwa huwa hupendi kusema.

Sisi huku tupo. Mvua iliyoanza Novemba haijatuacha mpaka leo. Barabara ya Kahama imekatika, mtama umeoza ukiwa shambani, na hakuna nyumba isiyo na mgonjwa wa malaria. Mwanangu Leokadia alizidiwa Krismasi nzima nikadhani naye ataniacha. Sasa anatembea, ila amekonda mno.

Barua yako ilinifikia imeloa, maneno mengine yamefutika, lakini yaliyonihusu niliyasoma yote. Umeambiwa na baba mdogo wa Songwa kwamba nilimnyima baba heshima yake, kwamba misheni walikuwa tayari kumzika pamoja na makatekista wenzake, mimi nikakataa nikamlaza kwenye mabua ya mtama kama mtu asiye na kanisa. Na umeniuliza kwa nini, kama sikutaka misheni, hakulazwa basi ubavuni mwa mama.

Sikulaumu kwa kuuliza. Telegramu yangu ilikufikia tumeshamaliza kuzika, na aliyewahi kukueleza ni baba mdogo, ambaye alikaa hapa msibani siku moja tu. Naomba usome mpaka mwisho, ndipo uamue.

Inanibidi nianze na shule, maana yote yaliyotupata yametoka huko. Mwanzo wake unaujua kuliko mimi. Ulisoma kwenye kile kibanda cha nyasi ambacho baba na padre wa kizungu wa wakati ule walikijenga kwenye kipande cha shamba letu, mwaka niliozaliwa mimi. Baba hakuiuza ardhi ile, aliitoa. Baadaye akachoma matofali na wenzake wa kigango, na mzee Gulamali wa dukani Tinde, Mwislamu wa watu, akaleta mabati kwa gari lake mwenyewe na hakutaka shukrani ndefu. Serikali ilipozichukua shule za misheni, baba aliendelea kuamka alfajiri kwenda kuigonga ile ringi ya gari iliyokuwa kengele, ingawa hakuna aliyemwagiza tena.

Usiyoyaona ni ya baada ya hapo. Ulipokuja kumzika mama mwaka 1984 tulimlaza nyuma ya kaya yetu ya zamani, kando ya ua wa minyaa, na baba akapanga mawe kwa mkono wake akasimika msalaba wa mti. Miaka michache baadaye jimbo likaja kuomba mahali pa kujenga sekondari, maana ile ya msingi ilishakuwa ya serikali. Baba akatoa shamba la viazi. Sekondari ya Mtakatifu Batilda ilianza na darasa moja la wavulana, wakilala kwenye ghala la pamba lililoachwa na chama cha ushirika, panya wakiwatafuna nyayo.

Kisha dhahabu ikafumuka Geita na upande wa Kahama. Watu waliokuwa wakipita hapa kwa miguu wakawa wanapita kwa magari, na kila mmoja alitaka mwanawe akae bwenini, mbali na mashimo. Hiyo ndiyo iliyoikuza shule. Yakaja madarasa mapya, maabara, bwalo la chakula, jenereta, lori. Wanafunzi wakatoka Geita, Mwanza, mpaka Tabora. Kila ilipokua, uzio ulisogea, na kila uzio uliposogea baba aliulizwa kwanza. Hilo lazima niwape haki yao, kaka, hawakumpora. Walimwuliza, naye kila mara alikubali. Mwisho uzio ukafika mlangoni pake. Akahama, akajenga ng'ambo ya bonde, hapa ninapokuandikia. Kaburi la mama likabaki ndani.

Mimi wakati huo nilikuwa Nkome kwa mume wangu, kwenye biashara ya dagaa. Niliporudi mwaka 1994, mjane, nimemshika Leokadia mkono, nilikuta mambo yameshaharibika. Mkuu wa shule wa wakati ule alikuwa amemwahidi baba kwamba kaburi halitaguswa. Lakini baba alipokwenda kupasuliwa jicho hospitalini, lilikuja tingatinga kusawazisha uwanja wa mpira. Dereva alikuwa mgeni, na msalaba ulishaliwa na mchwa. Aling'oa ua wote wa minyaa, na mawe yakasombwa pamoja na mawe mengine. Baba alirudi na kitambaa jichoni akakuta uwanja mweupe. Yule padre mkuu wa shule alikuja kuomba radhi, na mwaka uliofuata akahamishwa.

Nilimwuliza baba kama bado anapajua mahali penyewe. Aliniambia anapajua, kwamba hata akifumbwa macho miguu yake itampeleka. Nikaamini. Sote tuliamini, maana baba hakuwa mtu wa kusema jambo asilolijua.

Mwaka jana mwezi wa sita alikuja Padre Gregory, mkuu wa shule wa sasa. Ni kijana mpole, alimwamkia baba akiwa amevua kofia. Alisema shule inataka kuanza kupokea wasichana, na mahali pekee palipobaki pa kujenga bweni lao ni pale uwanjani. Kwa kuwa mama yupo pale, aliomba ruhusa ya kumhamisha, azikwe kwa heshima kwenye makaburi ya misheni. Mimi nilisema hapana. Nilisema mbele ya padre, bila kujali, kwamba tumeshatoa viazi, tumetoa mtama, tumetoa nyumba, na mama si shamba. Baba aliniacha nikamaliza. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama yako aliniuliza kila mwaka mpaka anakufa, wasichana wa hapa watapata lini sekondari yao. Wewe ulipomaliza la saba ukakosa pa kwenda, alilia. Nikimkatalia padre leo, nitamjibu nini?"

Sikuwa nimelijua hilo la mama kulia. Nikaacha kupinga.

Kazi ilifanyika Julai, siku ya Jumamosi, ardhi ikiwa kavu. Gulnaz, binti wa marehemu mzee Gulamali, aliyeshika duka la baba yake, alisikia akaleta jora la bafta jeupe la kuwekea mifupa. Padre alisali, wanakigango wakaimba kidogo. Wachimbaji waliongozwa na Selestine, mtoto wa jirani yetu, aliyerudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Baba alitembea na fimbo yake katikati ya uwanja, akasimama, akaigonga chini. Wakachimba hapo.

Walichimba mpaka wakazama mabegani. Selestine akatoka shimoni, akajifuta mikono, akachuchumaa mbele ya baba. Akamwambia, "Mzee, ardhi hii haijawahi kufunguliwa na mtu."

Baba alisema labda amekosea kidogo. Akasogea, akapapasa chini kwa mguu, akaonyesha pengine. Hapo nako hapakuwa na kitu. Mara ya tatu walikuta mizizi ya minyaa, myeusi, imekauka, na watu wote wakasogea, maana kumbe ua ulipita hapo. Wakaendelea taratibu, kwa mikono. Hakukuwa na kitu, kaka. Mizizi tu na udongo.

Baba akataka ashushwe shimoni mwenyewe. Padre alimkataza, mimi nikamkataza, hakutusikiliza. Selestine na mwenzake wakamshika makwapa wakamteremsha. Alipiga magoti mle ndani, akaanza kupapasa udongo kwa viganja, kila upande, kama mtu aliyedondosha sindano. Macho yake yalishakuwa mabovu, hata lile lililopasuliwa. Nilimsikia akisema, "Mama Donatus, nimekuja. Uko wapi?"

Alisema mara moja tu. Wanaume wazima waliangalia pembeni.

Alipotolewa, Padre Gregory alimkalisha kwenye kiti akampa maji. Alishauri wachukue udongo wa pale, waufunge kwenye bafta, wauzike misheni na kuweka msalaba wenye jina la mama, kwamba Mungu anajua. Nadhani alikusudia mema. Baba akamjibu, "Padre, usimzike mke wangu na huku hayupo." Padre akamwambia kwamba akisema bweni lisijengwe pale, yeye atakwenda kwa askofu, na kazi itasimama. Lilikuwa neno la kweli, niliona usoni mwake. Baba aliinamia fimbo yake, akasema wajenge.

Hapo ndipo mimi na baba tulipopishana. Sikumsemesha karibu wiki nzima, nikimpelekea chakula bila neno. Leo ningezitaka siku hizo zirudi.

Walipoanza kuchimba msingi, baba akawa anavuka bonde kila asubuhi kwenda kukaa pembeni ya mafundi. Alikuwa akimwuliza kila anayetoka mtaroni kama ameona kitu. Mwanzoni walimjibu kwa heshima. Baadaye, nasikia, wengine walianza kumkwepa. Nilimwomba aache, akasema yeye hamsumbui mtu. Mwezi wa kumi, wavulana wa kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani, shule iliweka mlinzi mpya getini, mtu wa mbali. Baba alipofika, mlinzi akamwambia kwamba hapa ni shule, si mahali pa wazee kupumzikia. Baba hakubishana wala hakujitaja. Aligeuka akarudi. Na hakuvuka tena lile bonde.

Padre alipopata habari alikuja mbio, amefadhaika, akataka kumfukuza mlinzi kazi. Baba akamkataza. Alimkaribisha, akaniagiza uji, wakaongea habari za mvua. Lakini kuanzia siku ile alianza kuisha mbele ya macho yangu. Hakuwa na ugonjwa wa kuutaja. Alikula vijiko viwili vitatu akaweka, alisali rozari yake, alilala akiangalia ukuta.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Novemba, mvua za kwanza zilipodondoka, aliniita nikae kitandani. Akasema akifa misheni watataka kumchukua, na watakuja kwa heshima kubwa, nami nisikubali. Nilimwuliza kama amekasirikia kanisa. Akasema hapana, na kwamba akina padre waje wamsalie, wasipokuja atasikitika. Nikamwuliza basi kwa nini. Haya ndiyo maneno yake, kaka, sijaongeza wala kupunguza:

"Shule bado inakua. Nilaze mahali ambapo watoto wangu hawatahangaika kunitafuta."

Alifariki siku tatu baada ya hapo, adhuhuri, akiwa na mimi na Leokadia. Lile jora la Gulnaz lilikuwa bado sandukuni. Ndilo tulilomvisha.

Padre Gregory alikuja na wazee wa parokia. Walishatayarisha mahali kwenye makaburi ya misheni, mbele, karibu na mapadre wa kwanza. Nilipowaeleza wosia wa baba, baadhi ya wazee walikasirika. Walisema maneno ya mgonjwa hayachukuliwi hivyo, na kwamba mwanamke hapangi mazishi. Baba mdogo alisimama upande wao. Nilikuwa peke yangu, Donatus. Nilitazama njia nikikungoja, nikijua kabisa huwezi kufika. Padre ndiye aliyenyamazisha watu. Alisema yeye alikuwapo siku ya mashimo, na kama mzee ametaka hivyo, atazikwa hivyo. Alimsalia hapa nyumbani, kwenye mvua, na wavulana wa shule wote walivuka bonde wakiwa na sare wakaimba mpaka tope likawafika magotini. Baba hakukosa heshima. Baba mdogo hakukuandikia hilo kwa sababu aliondoka kabla ya ibada.

Kwa hiyo si mimi niliyemnyima mama. Hakuna ubavu wa mama wa kumlaza mtu.

Bweni lilifunguliwa wiki tatu zilizopita. Wamelipaka rangi nyeupe na bluu. Wasichana walikuja na magodoro vichwani, wengine kutoka Geita, wengine Nkome na Kahama, mvua ikiwanyeshea. Nilialikwa kukaa mbele siku ya ufunguzi, sikwenda. Nilisimama huku ng'ambo nikawatazama wanavyoingia. Sikufurahi, wala sikuwachukia.

Lakini Jumatatu iliyopita padre alikuja tena. Alikaa kwenye ngazi, hakutaka hata kiti. Akasema, "Mama Leokadia, wasichana hawalali." Wavulana walikuwa wamewaambia kwamba chini ya bweni kuna maiti ya bibi aliyetafutwa akakosekana. Wawili walishafunga masanduku yao warudi kwao. Masista wamesali nao, wamenyunyiza maji ya baraka, haikusaidia. Aliniomba niende nikaseme nao. Nilitaka kumwambia kwamba hayo ni ya kwao, wayamalize wenyewe. Nikamkumbuka baba alivyosema mama alilia. Nikajifunga khanga tukaenda.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya uzio ule tangu Julai. Waliwakusanya wasichana vitandani kwao, mchana, wadogo wote, wengine hawajamzidi Leokadia. Sikuwa nimejiandaa. Niliwaambia huyo wanayemwogopa ni mama yangu, jina lake Kabula. Kwamba alifuma vikapu, alikuwa mrefu, alipenda karanga mbichi, hakujua kusoma hata herufi moja, na ndiye aliyeuliza kila mwaka wasichana wa hapa watapata lini sekondari yao. Nikawaambia ukweli kwamba yupo mahali fulani hapa, labda chini yao, labda kule jikoni, sijui, na baba yangu hakujua, na hatutajua. Na kwamba kama kuna mtu duniani aliyewataka wao wawepo hapa, ni huyo.

Kisha msichana mmoja wa Nkome, Samia, mtoto wa mfanyabiashara wa dagaa, amejitanda mtandio wake, akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akauliza, "Mama, kwa hiyo tukiamka tumwamkie?"

Nilitikisa kichwa tu kwamba ndiyo, machozi yakanitoka mbele za watoto wa watu. Samia akainamia sakafu ile ya saruji, akasema, "Shikamoo, bibi." Na wenzake wakafuatisha, mmoja mmoja, wengine kwa aibu, mpaka kitanda cha mwisho.

Hakuna aliyeitikia marahaba. Nilingoja kidogo, kisha nikaitikia mimi.

Wale wawili hawajaondoka. Mimi nilirudi nyumbani nikalala mpaka jioni bila kula. Siwezi kukudanganya kwamba nimepoa. Kila nikiangalia ng'ambo naona paa lile, na najua litajengwa jingine karibu yake, wameshapima. Leokadia yuko darasa la saba mwaka huu, na anasema hata akifaulu hataki kusoma pale. Sijamlazimisha, na sijui nimwambie nini.

Sasa umeyajua yote. Kama bado unaona nilikosea, niandikie uniambie wewe mwenyewe, usimtume baba mdogo. Na kama unaweza kupata likizo, njoo mvua zikikatika. Usisubiri tena telegramu. Tumebaki wawili.

Nisalimie wifi, mwambie kitenge alichonitumia ndicho nilichovaa msibani. Wabusu watoto, hasa yule mwenye jina la baba ambaye sijamtia machoni. Leokadia anakuamkia, shikamoo mjomba. Gulnaz wa dukani ananiagiza nikupe pole zake, na Selestine pia. Padre Gregory amekuombea misa. Pokea hata kama moyo wako bado mzito.

Mungu akulinde kwenye hizo reli zako, akupe usingizi, na akulete nyumbani ukiwa mzima, nami nikiwa bado nipo wa kukufungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Nyamizi (Mama Leokadia)